Baiskeli Iliyopigwa Pasi

"Hiyo baiskeli yako imenitoboa kidole!" Mama Cherehani alipaaza sauti, akakiinua kidole chenyewe juu ili mtaa mzima ukione. "Umetoka asubuhi, ko! Ukakata kona, ko! ko! Sindano ikaruka, nikashona kidole badala ya kola. Sasa mwenye shati akija nimwambie nini? Nimkabidhi shati na mimi nikiwa nimening'inia?"

"Kwani baiskeli imeingia chumbani kwako?" Dobi akamjibu kutoka upande wa pili wa kile kiukuta kifupi kinachogawa ua wao. "Cherehani yako ndiyo inayotikisa nyumba! Jana pasi yangu imetembea yenyewe juu ya meza kama mgeni anayetafuta choo!"

"Krenki zako ni za enzi za babu yako!"

"Babu yangu alikuwa mtu wa heshima!"

"Sijamtukana babu, nimetukana krenki! Na mpya unazo! Ziko kwenye boksi chini ya kitanda, mwaka mzima hazijatolewa hata karatasi, zinang'aa kama meno ya bwana harusi! Unazingoja ziote majani?"

Hapo ndipo mtu mmoja aliyekuwa akipita zake alipokumbuka ghafla kwamba kamba ya kiatu chake imelegea. Akainama kuifunga, akachukua muda mrefu sana kuifunga. Kiatu chenyewe hakikuwa cha kamba.

Mtu huyo mjini walimwita Sabuni, kwa sababu hapakuwa na mkono uliowahi kumshika akabaki mkononi. Shati lake lilinyooka, kalamu ilikaa mfukoni mwa kifua, na nywele zake zilichanwa kwa bidii ambayo hajawahi kuipa kazi yoyote nyingine. Ukimtazama ungedhani ni karani wa mahali fulani. Usingedhani kwamba mwenye nyumba wake alikuwa amemfungia chumba asubuhi ile, begi likiwa ndani, wala kwamba tumboni mwake hamkuwa na kitu tangu jana mchana. Alikuwa na njaa ile inayomfanya mtu atazame tofali akaliona mkate. Na huyu hapa mama wa watu anatangaza kwa sauti ya kipaza sauti kwamba chini ya kitanda fulani kuna krenki mpya.

Krenki, kwa ambaye hajawahi kulala chali chini ya baiskeli, ni ile mikono miwili ya chuma inayoshika pedali. Zile za zamani hufungwa kwa pini inayopigwa nyundo ubavuni. Pini ikilika, mkono unacheza, ukicheza, unagonga, ukigonga, jirani anashona kidole. Za siku hizi hazina pini, zinakaa kwenye ekseli kwa boliti na hazisemi neno. Sabuni alimjua muuza vipuri mmoja anayenunua bila kuuliza kitu kimetoka wapi. Pembeni ya duka hilo palikuwa na mama ntilie. Kati ya boksi lile na sahani iliyojaa, basi, palikuwa na maneno tu, na maneno Sabuni alikuwa nayo ya kumwaga.

Akapita getini kama mtu aliyeitwa.

Mlangoni kwa Dobi alikaa mwanamke mtu mzima kwenye kigoda, akikata vitunguu. Huyo alikuwa shangazi yake Dobi, na nyuma yake sufuria ilikuwa ikichemka kwa namna ambayo Sabuni aliiona kama tusi la makusudi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usiwajali hao, wanapasha koo tu."

"Nimesikia ugonjwa, mama, nikashindwa kupita. Miye ni mtaalamu wa vyuma vinavyozunguka."

Ugomvi ukakatika. Dobi alimtazama Mama Cherehani, Mama Cherehani akatazama kidole chake. Sabuni hakungoja kualikwa. Alipiga magoti mbele ya baiskeli, akaweka sikio kwenye fremu, akafumba macho.

"Kohoa," alisema.

Dobi akakohoa.

"Si wewe, kaka. Mgonjwa."

Akaisukuma pedali kwa kidole kimoja. Ko! Sabuni akatikisa kichwa polepole, kama daktari anayetafuta ndugu wa karibu wa kuzungumza naye.

"Kikohozi kikavu. Hiki hakianzi leo. Hizi pini ziliachwa zamani sana, ndugu zangu, tena kwa sababu za kiafya. Kugonga huku kwa pini hupeleka mshtuko kwenye goti, goti linapeleka kwenye nyonga, nyonga inapeleka kwenye taya. Kaka, taya linakusumbua?"

Dobi alishika taya. "Nikitafuna."

"Unaona!"

"Mimi je?" aliuliza Mama Cherehani. "Siiendeshi, naisikia tu."

"Wewe uko kwenye hatari kubwa zaidi, dada. Wewe unaipata kwa masikio."

Shangazi akasema "Loo!" bila kuacha kukata vitunguu.

"Dawa ipo," Sabuni aliendelea, akisimama na kujifuta magoti. "Nipeni mgonjwa, nipeni na hilo boksi, nivipeleke karakana yangu kule ng'ambo. Kabla jua halijazama mtakuwa na baiskeli inayopita kimya kama mdaiwa."

"Chukua!" alisema Dobi.

"Asichukue!" alisema Mama Cherehani.

"Chukua, nimesema! Baiskeli ni yangu!"

"Na kidole ni cha nani? Nataka nione kwa macho na nisikie kwa masikio! Ikienda ng'ambo ikarudi inagonga, nitamshtaki nani?"

"Mwanamke huyu ataniua!"

"Nitaanza na baiskeli!"

Wakapandishiana hivyo mpaka Sabuni, aliyekuja kuiba, akajikuta katikati yao na mikono yote miwili hewani akisuluhisha. "Basi, basi, majirani! Tutafanyia hapa hapa, mbele ya mashahidi." Ilimtoka kabla hajaipima. Lakini si kitu, alijiambia. Mjanja hana njia moja. Akamgeukia Shangazi kwa sauti ya mtoto mwema. "Ila mama, mtaalamu hafanyi kazi hivi hivi tumbo likiwa tupu."

"Fundi wa kwetu akila kabla ya kazi hulala, mwanangu. Tulishaona."

Boksi likaletwa, na Sabuni alipochungulia ndani mate yalimjaa mdomoni. Ekseli, gololi kwenye grisi yake, mikono miwili ya fedha, vyote kwenye karatasi. Akajikaza, akaanza kusuka mpango mwingine papo hapo.

"Jambo moja muhimu," alisema, akishusha sauti. "Krenki kuukuu hazikai nyumbani baada ya kutolewa. Zikibaki zinaita kutu. Leo kijiko, kesho bawaba, keshokutwa unaamka kitanda kimekaa chini. Nitazifunga kwenye gunia, nitazichukua mwenyewe, nikazizike mbali."

"Uzizike?" Dobi alitoa macho.

"Kwa heshima zote."

Mpango ulikuwa mwepesi. Za zamani zitolewe, wakati wa mazishi watu wafumbe macho, na gunia lizike mpya. Za zamani atazipaka mafuta, atazirudishia, na kabla hawajagundua atakuwa anatafuna.

Kuzitoa, hata hivyo, hakukuwa maneno. Zamani kidogo, kabla hajagundua kwamba mdomo ni mwepesi kuliko nyundo, Sabuni aliwahi kukaa kwa fundi baiskeli mpaka walipochoshana, kwa hiyo alijua pa kugonga. Aliweka kipande cha bomba chini ya krenki, akafungua nati, akapiga pini. Pini ikamtazama. Akapiga tena. Jasho likatoka, kalamu ikadondoka mfukoni, shati lililonyooka likaanza kuonekana kama la mtu anayefanya kazi.

"Imeshikana na kutu," alisema akihema. "Inataka moto."

"Moto upo," alisema Dobi, akamletea pasi yake ya mkaa, nyekundu hadi nchani.

Na hivyo ndivyo wapita njia wa mtaa ule walivyopata bahati ya kumwona mwanamume mwenye nywele zilizochanwa vizuri akiipiga pasi baiskeli. Aliilaza ubavu kwenye benchi, akaiminya pasi juu ya kile chuma, mbele, nyuma, akinyunyiza mafuta ya cherehani pembezoni yakichemka na kutoa moshi.

"Usisahau kola," Mama Cherehani alimkumbusha.

"Mimi nguo nazianza na mikono," alisema Dobi, kwa wivu wa ufundi.

Chuma kikapata joto, kikatanuka. Pigo moja la nyundo, pini ikachomoka kama kokwa la chungwa, ikaruka juu ya vichwa vya watu na kutua kwenye karai la wanga wa Dobi. Watu walipiga makofi. Sabuni, bila kutaka, akainamisha kichwa kupokea makofi. Ya pili ikatoka kwa mapigo machache, na yeye mwenyewe akajishangaa kuona ameanza kupiga mluzi.

Akajikumbusha njaa. Akazifunga krenki za zamani kwenye gazeti, akazilaza chini taratibu, akavua hata saa yake iliyosimama.

"Simameni," alisema. "Hizi zimezunguka miaka mingi. Zimepeleka mashuka ya watu, zimerudisha suruali za watu, hazijawahi kulalamika ila mwisho wa maisha yao. Tuwe kimya kidogo. Macho tufumbe. Anayechungulia, kutu itamfuata mlangoni."

Dobi alivua kofia. Mama Cherehani alifumba macho na, kwa vile alikuwa mtu wa kujituma, akatoa kilio chembamba. Sabuni alinyoosha mkono polepole kuelekea lilipo boksi. Akapapasa. Akapapasa tena. Mkono ukagusa goti la mtu.

Boksi lilikuwa mapajani kwa Shangazi. Alikuwa amefumba macho kama wenzake na kulikumbatia kwa mikono yote miwili.

"Nimezishika," alinong'ona bila kufumbua. "Vitu vidogo, visije vikaogopa msiba."

Baada ya hapo boksi halikuondoka mapajani kwake. Alitoa kimoja kimoja, kama mtu anayegawa pipi. "Hiki kinakwenda wapi, mwanangu?" Sabuni angefanya nini? Hicho kinakwenda ndani, mama, ndiyo ekseli. "Basi kitie." Akakitia. "Na hizi duara duara?" Gololi, mama. "Hebu zipange." Akazipanga kwenye grisi, moja moja, wote wakimkodolea macho kama wanaangalia mtu anayehesabu mahari. "Sasa huu mkono. Kaza. Kaza tena. Mbona kama unapumzika?" Hakuchomoa kitu kipya mpaka kile cha kwanza kimekazwa na yeye mwenyewe amekijaribu kwa kukivuta. Krenki za Sabuni, chakula cha Sabuni, zikaondoka kwenye boksi kipande kwa kipande na kuganda kwenye baiskeli ya mwenyewe, na aliyezigandisha ni Sabuni.

Boliti ya mwisho ilipofika mwisho, mtu mwingine angekata tamaa. Sabuni akatabasamu. Kwani kwa nini ahangaike na krenki peke yake? Baiskeli nzima ilikuwa mbele yake, nzuri, kimya, na ina magurudumu.

"Imebaki kuijaribu," alisema, mguu ukiwa tayari juu ya fremu. "Mzunguko mmoja tu, mpaka kwenye kona ile. Mtaalamu hamkabidhi mtu kazi ambayo hajaisikia kwa makalio yake."

"Ijaribu, kaka!" alisema Dobi.

"Nani asikilize?" alisema Mama Cherehani. Na kabla Sabuni hajaikanyaga pedali, keria nyuma yake ilizama. Mama Cherehani alikuwa amekwisha kukaa upande, furushi la nguo mapajani, mkono mmoja umeshika mkanda wa suruali ya Sabuni. Alikuwa mama aliyejazia, mwenye mkono uliozoea kushika kitambaa kisiteleze.

"Twende, fundi. Nitakwambia nikisikia kitu."

Wakaenda. Baiskeli haikugonga. Ilinyamaza kabisa, ikateleza. Sabuni ndiye aliyetoa sauti zote. Alipofika kwenye kona alijaribu kuongeza mwendo, mkanda ukavutwa.

"Kushoto. Pale kwenye mlango wa bluu. Nishushe mara moja."

"Dada, tunajaribu…"

"Ndiyo, tunajaribu na mzigo. Bila mzigo utajuaje?"

Kwenye mlango wa bluu alishusha gauni. Kwenye nyumba yenye ngazi alishusha mashati ya Dobi, manne, yamepigwa pasi, na Sabuni ndiye aliyeyapandisha. Kwenye kilima, ambacho kwa krenki zozote zile ni kilima tu, alishusha mapazia ya mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu alichelewa kufungua. Kila Sabuni alipofikiria kuruka na kukimbia, vidole vile vilikuwepo mkandani, na kuukimbia mkanda kungemaanisha kuikimbia suruali.

"Husikii kitu?" aliuliza akihema, jua limekwisha geukia upande mwingine.

"Nasikia tumbo la mtu," alisema Mama Cherehani. "Krenki ziko safi."

Waliporudi uani Sabuni hakushuka kwenye baiskeli, alimwagika. Akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Sufuria ilikuwa imetolewa motoni. Ilikuwa ndani, imefunikwa, na harufu yake ilikuwa nje, haijafunikwa.

"Sasa," alisema kwa sauti iliyobaki, "nani anamlipa mtaalamu?"

"Yeye," alisema Dobi. "Ndiye aliyelalamika."

"Mimi? Kwani baiskeli ni yangu?"

"Kidole si chako?"

"Kidole changu kilikuwa kimetulia mpaka babu yako aliponunua krenki!"

"Babu yangu usimguse!"

Hapo Sabuni aliinua uso. Kuna kitu katika ugomvi ule kilimkuna upande wa kazi. Mama Cherehani alikuwa akipiga kelele huku akitunga uzi kwenye tundu la sindano, na uzi ukapita mara ya kwanza. Dobi alikuwa akimtukana huku akikunja shuka, pembe kwa pembe, na ukingo wa mwisho ukashikwa na nani? Na Mama Cherehani mwenyewe, juu ya ukuta, amesaidia bila kukatisha tusi. Na kile kidole kilichotobolewa kilikuwa kizima kama cha mtoto mchanga.

Sabuni akageuza shingo taratibu, akautazama ua. Geti lilikuwa na bawaba mpya. Nusu ya ukuta ilikuwa imepigwa lipu na mkono mmoja, nusu nyingine na mkono mwingine. Bomba lilikuwa na koki inayofunga kabisa.

"Mama," alimuuliza Shangazi, polepole. "Hili geti nani alilitengeneza?"

"Jamaa mmoja alikuwa anapita. Tulikuwa tunagombana kidogo kuhusu mbao nzuri tulizokuwa nazo ndani."

"Na bomba?"

"Naye alipita."

"Na lipu?"

"Hao walikuwa wawili. Walipita siku tofauti."

"Na… mbao? Na hizo koki? Waliondoka nazo?"

"Wangeondokaje nazo, mwanangu, na wamekwisha kuzifunga?"

Katika maisha yake Sabuni alikuwa amewauzia watu kivuli cha nyumba, maji ya kisima cha jirani yao, hata dawa ya kunenepesha ng'ombe kwa mtu asiyekuwa na ng'ombe. Hakuwahi, hata siku moja, kumpata mtu aliyefanya kazi tangu asubuhi bila chakula, akapiga pasi chuma, akazika krenki, akasambaza nguo za mtaa, na bado akauliza kwa adabu. Aliuona uzuri wa jambo lile. Aliuona kama mpishi anavyoonja mchuzi wa mwenzake. Tatizo ni kwamba mchuzi ulikuwa yeye.

"Nimeingizwa mjini," alisema, "na mjini ndiko kwangu."

"Umefanya kazi safi lakini," alisema Dobi kwa dhati, akizungusha pedali. "Sikia. Kimya."

Sabuni aliinuka, akaokota kalamu yake, akavaa saa yake iliyosimama, akaenda zake getini. Njaa ilikuwa imekwisha kuacha kuuma. Sasa ilikuwa inaongea naye kwa jina. Akashika bawaba ya geti.

Shangazi akakohoa.

Barabarani alikuwa akija mtu mwenye ngazi begani, mfuko wa misumari kiunoni, kofia imekaa upande, na macho yanayopima kila dirisha analopita.

"Mabati yako yanavuja kwangu!" Mama Cherehani akaanza. Lakini sauti ilikuwa imechoka na kilima. Ilitoka nyembamba, ikafia njiani.

"Yanavuja kwako vipi?" Dobi akasema, naye kwa ulegevu wa mtu aliyekwisha kushinda leo.

Mtu wa ngazi akapunguza mwendo kidogo. Akasikiliza. Akaona hakuna la maana, akainua ngazi vizuri begani, akaendelea.

Sabuni, mkono ungali getini, alimtazama akipita. Aliijua kofia ile. Aliyajua macho yale, aliyaona kila siku kwenye kioo. Kwa mtu kama yeye ilikuwa uchungu wa kweli kuona ugomvi mzuri unapotea hivi hivi kwa kukosa pumzi. Alijaribu kujizuia. Hakuweza.

"Na mimi mpangaji je?" alinguruma, akageuka na kujitupa chini katikati ya ua, mikono kichwani. "Nani anilipe sikio langu? Tone limeniingia usiku wa juzi mpaka leo nasikia mvua! Mabati mapya yamelala ndani kwenye nailoni yake, mazito, hayajaguswa, hata idadi yake hamuijui! Mnayangoja yaezekwe na nani, malaika?"

Mama Cherehani alipata pumzi mpya. "Mwambie! Mwambie huyo bahili!"

"Nani bahili?" Dobi akaruka juu kwa furaha. "Mpangaji gani wewe, kodi unalipa kwa hadithi!"

"Nalipa kwa machozi! Idadi hamuijui!" Sabuni alirudia, akigaragara, sauti ikitetemeka pale tu inapofaa kutetemeka.

Barabarani ngazi ikasimama. Mtu wa ngazi aligeuza shingo. Akatabasamu, akaishusha ngazi ukutani taratibu, akanyoosha kola, na kusogea getini na uso wa mtu anayepita tu, lakini mwenye utaalamu.

Shangazi alifuta mikono kwenye kanga yake. Alimwangalia mgeni wa getini, akamwangalia Sabuni aliyekuwa bado chini, vumbi hadi kwenye nywele, akilia kwa jicho moja huku la pili likimpima mteja. Akasogea, akamwinamia sikioni.

"Waachie hao wengine wamalizie, mwanangu. Nawa mikono, ingia ndani ule, chakula kinapoa."